Majivu ya Jiko la Drusilla

Mpendwa mshauri,

Leo ni Jumatatu, tarehe 10 Machi 1969, na imetimia miaka thelathini na mitatu tangu nivuke ziwa kutoka Ukerewe kuja kujenga kanisa hapa karibu na Nyamache, kazi ya miezi sita niliyoambiwa, na chini ya kitanda changu bado lipo sanduku la safari ya kurudi, ambalo kila Kwaresima hulifungua, nikakunja upya kanzu na mashati mawili, nikamwambia mke wangu Drusilla kwamba Pasaka ikipita nakwenda kwetu, naye hunijibu, "Nenda, Baba Ongeri, lakini kufuli uniachie. Ni zuri."

Naomba msaada wako kwa sababu nimetenda kosa, na tangu nilipolitenda nina furaha ambayo sikupata kuwa nayo ujanani, hata naona haya.

Sisi Wakatoliki huyarudisha kanisani matawi makavu ya ukindu tuliyoyabeba Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, yakachomwa, na majivu yake ndiyo tunayopakwa Kwaresima inapoanza. Mtunzaji wa matawi hayo ni mimi. Mwaka huu yalijaa gunia zima, nikaliweka darini juu ya jiko yasipate unyevu, nikasahau kwamba Drusilla ni Msabato, hawashi moto tangu jua la Ijumaa lichwe mpaka lichwe tena la Jumamosi, na Sabato inapokwisha jiko limepoa, kuni zimeloa mvua, na mimi nimekaa hapo nauliza chai iko wapi.

Jumanne, siku moja kabla ya majivu, nililishusha gunia likaja jepesi kama kofia.

"Mama Ongeri, matawi yako wapi?"

"Yale majani makavu? Si yalikuwa ya kuwashia moto?"

"Ni ya kuwashia moto, lakini moto wa padre!"

"Basi padre amenisaidia Sabato tatu. Mwambie asante."

Sikumwambia padre asante wala kitu kingine chochote. Niliyachoma matawi sita yaliyosalia, yakatoa majivu ya kujaza kijiko, nikatazama jikoni, nikaona majivu yamejaa tele, nikajiambia kwamba humo ndani ukindu upo, nikayachota, nikayachekecha kwa chujio la chai, nikayapeleka. Padre akayasugua kwa vidole akasema, "Fundi, mwaka huu ni laini kama poda," akayabariki.

Kesho yake nilipiga magoti. Padre alinikumbusha, kama kila mwaka, kwamba mimi ni mavumbi na mavumbini nitarudi, na kila mwaka nikisikia hivyo huwa nauona mchanga mweupe wa Ukerewe, pale alipozikwa mama yangu. Safari hii majivu yaliniangukia puani nikasikia harufu ya viazi vitamu vya kuchoma. Harufu ya jiko langu. Mshauri, ilikuwa kama mtu amefungua dirisha ambalo mimi mwenyewe, fundi mjenzi, nilisahau kulijenga.

Nilitoka nje nikimeza kicheko, na mlangoni nikakutana na Momanyi, jirani yangu ambaye tulikuwa hatujasemeshana miaka sita kwa ajili ya mpaka wa shamba. Akanitazama.

"Fundi, amekupaka mpaka puani. Unafanana na sufuria."

"Na wewe unafanana na kifuniko chake."

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Tangu siku hiyo napiga mluzi nikipalilia wimbi, naamka kusali kabla ya jogoo, na katika Njia ya Msalaba najiuma mdomo nisitabasamu. Drusilla ananiuliza, "Si unasema unafunga? Mbona unacheza-cheza kama ndama?"

Sasa naogopa. Nikiungama, padre akasema yale hayakuwa majivu, je, furaha yangu nayo haikuwa furaha? Na Momanyi je? Nimrudishie ukimya wake?

Fundi wa Majivu, Nyamache

*

Mzee wangu,

Nimecheka hadi mpiga chapa wa gazeti letu akaja kuuliza kama naumwa. Sasa nimejifuta machozi, nisikilize.

Kwanza, mama wa watu umwache. Miaka thelathini na mitatu unakula katika nyumba ya Kigusii, hujui kwamba kikavu kilichowekwa darini juu ya jiko ni cha kuwashia moto? Ulipaswa kumwambia neno moja. Hukumwambia, kisha ukadai chai.

Kosa lako ni chujio. Asiye na hatia hachekechi. Ulimwacha padre abariki kitu asichokijua, na umati mzima wa watu ukaja kwa imani. Hilo ni lako, usilitafutie mwenzio.

Lakini furaha usiiogope. Majivu ni ishara, hata yangetoka kwenye ukindu mtupu. Mungu hakungoja gunia ili akuone. Na Momanyi hakusamehe ukindu, amekusamehe wewe, tena ukiwa na pua chafu. Umshukuru, na mpaka wa shamba mkaupime pamoja wiki hii kabla kicheko hakijapoa.

Jumamosi, Drusilla akiwa kanisani kwake, nenda kwako ukaungame. Sema yote, na chujio ulitaje. Padre akikunyang'anya kazi ya matawi, kubali. Akikuachia, basi tarehe 30 matawi mapya yasiende darini. Yatie katika sanduku lile. Ni kavu, lina kufuli, na halijawahi kufanya kazi yoyote. Kanzu mpe Ongeri, ufunguo mpe mama yake.

Najua umo mchanga mweupe ndani ya sanduku hilo. Waandikie ndugu zako wa huko barua, mama yako mwombee Misa. Lakini mwanamke ameambiwa mara thelathini na kitu kwamba Pasaka ikipita ataachwa, akajibu kwa mzaha wa kufuli. Unadhani kila mara alikuwa akicheka?

Kabla hujalifungua, mwite aketi. Usitaje Pasaka. Mwambie kwa sauti yako ya kila siku: "Mama Ongeri, sitarudi Ukerewe."

Mama Loice