Ndege Uliyoiunganisha Katumba

Mume wangu Baba Estere,

Boksi lile ulilileta nyumbani wakati Estere bado ananyonya. Fundi Mzungu aliyekufundisha kutengeneza madawati kule misheni alikuwa anarudi kwao, akakuachia. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki vya kuunganisha kindege cha mfano. Mimi picha ya juu ilinitosha: ndege ya vita, propela moja puani, mabomu yamening'inia chini ya mabawa. Ukanieleza kwamba Wazungu waliiunda baada ya vita yao kubwa, kwamba inakaa juu ya meli na kuruka kwenda kushambulia, na kwamba mabawa yanakunjwa ili isichukue nafasi. Uliongea kwa furaha ya fundi. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye mihogo.

Sababu uliijua. Ulikuwa nami kule Burundi siku ndege ilipozunguka juu ya mtama wa mama yangu. Sisi tulikimbia hadi tukavuka mpaka kuingia Tanzania. Mama hakutoka shambani.

Hukunibishia. Ulinifuata, ukakaa karibu, ukasema polepole, "Mama Estere, nataka nione imefungwa na nini. Kitu kilichoundwa na mtu, mtu mwingine anaweza kukielewa."

Basi Jumapili baada ya misa ulikata vipande kwa wembe, ukavipiga msasa, ukavigandisha kwa gundi iliyonuka hadi kwenye ugali. Mwishowe nikaanza kukushikia bawa wakati gundi inakauka. Ulipofika kwenye mabomu, uliyarudisha kwenye boksi. Ukaitundika ndege kwa uzi juu ya meza, haina bomu hata moja.

Halafu ikaja vita ya Uganda. Kila mtu aliambiwa awe macho na wapelelezi, na sisi, pamoja na mahindi yote tuliyovuna pale Katumba, bado tulikuwa wakimbizi. Jirani aliyekuja kuazima jembe aliiona ndege juu ya meza, akaondoka bila jembe. Nilikuomba tuitumbukize chooni. Nilikuwa nawaza tukirudishwa tulikotoka, na mtoto mgongoni.

"Tukiitupa watauliza tumetupa nini," ulisema. "Acha niipeleke polisi mwenyewe."

Uliifunga kwenye kitenge changu, ukaenda kwa miguu ukifuata reli hadi Mpanda. Sikujua kama nimekuaga mara ya mwisho. Kila gari lilipopunguza mwendo barabarani, nilitoka mlangoni kutazama. Maziwa yalinikauka, Estere akalia mpaka sauti ikamwisha.

Ulirudi wiki iliyofuata, miguu imevimba, mikono mitupu. Ulisema walikuuliza aliyekutuma ni nani, wakauliza tena na tena, wakaivunja mbele yako wakitafuta waya wa redio. Hawakuona kitu, wakakuambia nenda. "Hawakunipiga," ulisema, na mimi sikuuliza zaidi.

Kilichoniumiza kilikuja baadaye. Wewe uliyetaka kuelewa, ukaanza kuogopa kuliko mimi. Siku moja ndege ndogo ilipita kuelekea Mpanda, ukaangusha randa, ukaingia chini ya meza yako ya kazi, mtu mzima, mbele ya wateja. Nikaingia nawe, nikakishika kichwa chako mpaka mlio ukaisha. Wateja walisubiri nje. Hakuna aliyecheka, maana wengi wao walivuka kama sisi. Tukaishi hivyo hadi uzeeni, tukipokezana woga. Wewe ukishikwa, mimi nasimama. Nikishikwa mimi, unasimama wewe.

Sasa macho yangu yameingia ukungu. Estere ananipeleka Dar es Salaam kwa daktari, na amekata tiketi za ndege, anasema kwa basi nitachoka. Nilimwambia sawa, mwanangu. Tangu hapo silali vizuri. Sijawahi kuingia ndani ya kitu kile, na safari hii hakuna wa kupokezana naye. Nimefikiria kuugua. Nimefikiria kujificha kwa dada yangu kule Kakese, mimi bibi mzima.

Lakini Ijumaa nitakwenda. Nimemwomba Estere nikae upande wa dirisha, naye anisaidie kuona. Kama mashamba yetu yanaonekana kutoka kule juu, nataka kujua aliyekuwa ndani ya ile ya Burundi alimwona mama yangu kama mtu, au kama mtama tu.

Lala pema, Baba Estere. Hofu yako niachie mimi.

Mkeo,
Mama Estere