Kitambaa cha Maman Veneranda

Salma mjukuu wangu,

Salamu nyingi kutoka Kamembe, ambako mvua haijatuacha tangu juzi. Mama yako ni mzima. Mimi magoti yamekataa kupanda kwenda msikitini.

Umeniuliza kama ile bendera ya uhuru ilituunganisha kweli. Marehemu baba yangu, fundi cherehani, ndiye aliyeshona ya mtaa wetu. Madukani vitambaa vilikuwa adimu, basi majirani wakaleta vyao, Waislamu kwa Wakristo. Maman Veneranda wa nyumba ya pili alileta kitambaa chake cha meza, cha manjano, alichopewa kwenye arusi.

"Papa Fundi, yangu utie katikati, batu bote baone," alisema akicheka.

Kwetu mafundi, kinachobaki hurudishwa kwa mwenyewe. Baba alipomaliza akanituma na kipande kilichobaki. Nikakuta mlango umefungwa kwa kamba. Maman Veneranda na wanawe walikuwa wamevuka mto Rusizi kwenda nchi ya pili, kama wengi wa kabila lao waliokuwa wakifukuzwa wakati ule. Mengine sitaandika.

Bendera ilipopanda tulipiga makofi, na wallahi tulijiona watu wamoja. Mimi nilikuwa nikimtafuta kwenye umati, nimwonyeshe manjano yake yanavyong'aa katikati.

Hakurudi. Bendera ile nayo ilishashushwa, sasa ipo nyingine. Kipande kingali kwenye droo ya cherehani. Baba hakukitumia hata kwa kiraka.

Nikifa, cherehani uza. Kile kipande usikishone popote. Kina mwenyewe.

Bibi yako