Konzi Tatu za Unga wa Mbao

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mtu ambaye bila yeye chuo kikuu hiki kingekuwa banda la mbuzi. Usicheke! Shule niliiacha darasa la sita, lakini leo wasomi wananipisha mlangoni. Mimi mzima, meno yote yapo. Wewe je, mgongo umekuachia? Mwambie shemeji apunguze kukoroma, tunamsikia hadi huku.

Ile mitungi ya kuchuja maji ilifana. Daktari, bosi wangu wa maabara, ndiye aliyeibuni: udongo unachanganywa na unga wa mbao, tanurini unga unaungua na kuacha vitundu visivyoonekana, maji yanapita, uchafu unabaki. Yeye akili, mimi mikono. Ndiyo maana akanibandika jina la Mikono. Kila tulipofungua tanuri, mitungi ilitoka mizima. Ukiigonga, inalia kama kengele.

Basi kiwanda kikaja kuomba utaalamu. Wakakabidhiwa daftari letu la vipimo, nami nikapigwa picha ndani ya koti jeupe la Daktari, utadhani nimemmeza. Huko wakachanganya gramu kwa gramu. Tanuri la kwanza, mitungi yote ikapasuka. La pili, hivyo hivyo. La tatu ikapona minne, na maji yakatoka machafu kama yalivyoingia. Meneja alimwambia Daktari mbele za watu kwamba amewauzia uongo. Chuo kimempa hadi Ijumaa ajieleze, la sivyo maabara inafungwa naye anaondoka. Chai yake inapoa mezani. Anapekua daftari ukurasa kwa ukurasa, ananiuliza eti Mikono, tumekosea wapi? Nami, bingwa wa maneno, nainamia udongo.

Dada, mizani ya maabara iliharibika tangu mwezi wa pili. Niliogopa wangesema nimeivunja mimi. Nikawa napima unga wa mbao kwa konzi, ngumi iliyojaa, tatu kila mtungi, kwa mkono huu wangu wa vidole vitatu. Naongeza kidogo, napunguza kidogo, hadi udongo uniitikie. Kisha najaza daftarini tarakimu za kubuni, kwa mwandiko ule ulionifundisha wewe. Jana nilizipima konzi zangu kwa mizani ya dukani. Kila moja na uzito wake. Mkono ukijua unatazamwa, unasahau.

Nikisema, sina kipimo cha kumpa. Nikinyamaza, yeye ndiye mwongo.

Wabusu watoto. Wakiuliza habari za mjomba wao, waambie anafanya kazi chuo kikuu.

Mdogo wako,
Mikono