Upande Mmoja wa Kadi

6 Februari

Kwa Mama,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta umeamka salama na magoti yamekupa nafuu. Mimi mzima, ila mikono inachubuka kwa pasi za hapa kazini kwa dobi.

Nimemwona mwanangu Sisimizi. Ana paji la uso la marehemu baba yake, na hajui neno hata moja la Kiswahili. Mama mkwe amemlea kwa Kikantoni, Kichina cha kwao, tangu nilipolazwa hospitali yeye akiwa mchanga. Sina la kumlaumu. Wakati ule hata kujigeuza kitandani nilikuwa siwezi. Nilikwenda na mpiga pasi mwenzangu, tunayemwita Mama Mvuke, anayejua lugha zote mbili. Nilipoomba kumchukua mwanangu, mama mkwe alijibu, Mama Mvuke akanitafsiria: "Akiamka ana homa, atakwambiaje panapomuuma? Jifunze lugha yake, kisha umchukue." Nimepewa Jumapili za kumtembelea.

Basi najifunza. Mama Mvuke ananitajia sentensi, naziandika kwenye kadi: mbele Kiswahili, nyuma Kikantoni kwa herufi zetu. Nasoma Kiswahili, natamka, nageuza. Nikikosea, kadi inarudi juu. Neno mojamoja hataki kunifundisha. "Neno peke yake ni kifungo bila shati," ananiambia. Kwao, watu wasipoelewana husemwa kuku anaongea na bata. Ndio sisi, Mama. Bata ni mimi.

Binti yako

20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yamepokea salamu na bado yananung'unika. Hiyo mikono ipake mafuta, usingoje niwe jirani yako ndiyo nikukaripie.

Kaka yako aliposikia habari za kadi alidhani umeingia kwenye kamari. Nikamwambia, kichwa maji wewe, dada yako anamtafuta mtoto wake! Usijali, damu nzito kuliko maji. Mkwe mwenzangu huyo ana akili, simnyimi sifa, lakini mkumbushe kwa adabu ni tumbo la nani lililobeba.

Cherehani nimeitoa kwenye chumba kidogo, nimeweka kitanda. Muulize Sisimizi anapenda shuka la rangi gani. Akichagua jeupe, atafua mwenyewe.

Mama yako

15 Aprili

Kwa Mama,

Shikamoo. Hujambo na hewa ya baridi? Mimi leo nina furaha, na mtu kama mimi akiwa na furaha hujikagua mara mbili.

Sisimizi anacheka nikizungumza! Nikimwambia "njoo nikusuke," anakuja. Nilimtolea mama mkwe methali yao, kwamba aliyekula samaki wa chumvi avumilie kiu, akacheka hadi akashika mlango. Ninapomsuka, Sisimizi hunong'ona mambo mengi, nami naitikia "ndiyo, ndiyo." Halafu ana sentensi moja anayomwambia bibi yake kila Jumapili, akinitazama, sauti inapanda mwishoni. Bibi humziba mdomo taratibu. Nadhani anauliza nitarudi lini, na bibi anaona wivu kidogo.

La shuka nilimuuliza. Kuuliza niliuliza vizuri, nina kadi yake. Akanijibu kirefu. Sikuambulia kitu. Nikasema "ndiyo."

Nilipomsimulia Mama Mvuke, aliweka pasi chini. "Kadi zako unazisoma upande mmoja! Umejifunza kusema tu. Kuambiwa je?" Kweli, Mama, msomi mzima sikuliona hilo. Sasa yeye anatamka Kikantoni, mimi nafumba macho natoa Kiswahili. Tumeanza upya na kadi zote.

Binti yako

2 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na Mungu akuzidishie. Barua yako nimeisoma kwa sauti hadi jirani akagonga ukuta. Shuka nimenunua la njano, nisiwangoje nyinyi na ndiyo zenu. Mnakuja lini?

Mama yako

19 Juni

Mwanangu,

U hali gani? Kimya chako kinanitisha. Kama unaumwa, sema. Kama mama mkwe amegeuka, sema, nitakuja mwenyewe na magoti yangu haya. Andika hata mstari.

Mama yako

11 Agosti

Kwa Mama,

Shikamoo. Nisamehe. Sikuumwa. Nilianza kuelewa.

Ile sentensi yake ni hii: "Bibi, huyu shangazi anaondoka lini?" Shangazi ndivyo mtoto anavyomwita mwanamke yeyote mgeni. Wakati wa kusuka alikuwa akiniambia, "Unaniumiza, basi, acha." Nami nikiitikia ndiyo, ndiyo, nikikaza nywele. Bibi alisikia yote, Jumapili zote hizo. Alikuwa akimziba mdomo kwa ajili yangu.

Jumapili moja mama mkwe alinikalisha. "Sasa unaelewa," alisema. "Ahadi ni ahadi. Mchukue." Begi lilikuwa tayari mlangoni, nguo zimekunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi. Sisimizi alikuwa chini ya meza. Nilipiga magoti, nikamwambia mimi ni mama yake, nimemtafuta siku nyingi. Nilisema bila kosa. Akaniuliza, kwa heshima, kama anavyoulizwa mtu mkubwa: "Nikikaa kimya kabisa, utaniacha hapa kwa bibi?"

Hiyo sikuwa na kadi yake, Mama. Niliielewa.

Begi nililirudisha chumbani mwenyewe. Mama mkwe alilia, mimi sikuweza. Usimlaumu. Wala usije. Kitanda mpe kaka.

Jumapili iliyofuata nilifika hadi ukutani kwao. Dirisha lilikuwa wazi. Sisimizi alikuwa anamsimulia bibi yake kisa, haraka haraka, akijikatiza kwa kicheko. Nilisimama nikasikiliza hadi mwisho. Nilielewa yote. Halikuwamo hata neno moja linalonihusu.

Binti yako