Walzi Mbele ya Mkwe

Jumamosi, 2 Agosti 1958
Mazoezi tena Magomeni, sebuleni kwa dada yake Boni. Santuri ileile, gramafoni ileile inayokwaruza. Moja, mbili, tatu. Nimemkanyaga Boni, mchumba wangu, mara nane. Kila mara anatazama kiatu. Boni ni karani bandarini, na kwenye klabu yao ya dansi kule Ilala hakuna anayemfikia kwa walzi. Anasema bwana na bibi harusi ndio wanaofungua dansi, na dansi ya kufungulia ni walzi, basi. Zimebaki wiki nne. Mie ni mwalimu wa darasa la kwanza, nimezoea kuhesabu hadi kumi, si kuishia tatu.

Jumatatu, 4 Agosti
Mama ameniuliza hiyo walzi inachezwaje. Nikamwonyesha kwa kiti: mkono wangu begani, mkono wake kiunoni kwangu, tunazunguka. Mama alikuwa anachambua mchele. Akauliza, "Atakushika hivyo na mie nimekaa hapo?" Nikasema ndiyo. Akasema basi siku hiyo yeye atakaa nje, na wapishi. Hakukasirika. Akaendelea na mchele wake.

Nilisahau. Sijui nilisahauje. Kwetu Masasi mkwe na mama mkwe hawatazamani. Boni akija hapa Temeke hukohoa nje ya ua, Mama huingia ndani, na salamu hupitia ukutani. Mwaka mzima hivyo, tangu posa. Kumshika binti kiuno mbele ya macho ya mama yake ni kumvua nguo huyo mama.

Mie ndiye mtoto wake wa pekee. Simtaki nje.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemweleza Boni. Amecheka. Anasema kwao Muheza mambo hayo si makali hivyo, eti Mama ainamishe kichwa dakika tatu tu. Nikamwambia ainamishe chake. Nikataja rumba, dada yake akanikumbusha kuwa rumba watu hushikana zaidi. Foksitroti ni kushikana vilevile, kwa haraka tu. Imebaki chacha. Chacha kila mtu anacheza kivyake. Boni amesema chacha ni ya vijana wa mitaani, si ya kufungulia harusi ya watu wa kanisa.

Jumamosi, 9 Agosti
Leo nimejua sababu yenyewe. Boni hajui chacha. Dada yake aliweka santuri, Boni akajaribu, akawa kama mtu aliyekanyaga siafu. Mie niliipata palepale. Nilicheka, na hapo nilikosea. Amefunga gramafoni. Amesema wenzake wa klabu watakuja wote na hawezi kuwa kichekesho siku ya harusi yake. Walzi, na maneno yaishe.

Sikumuaga.

Jumapili, 10 Agosti
Baada ya kanisa Mama alikwenda kuangalia ukumbi. Nilidhani anaangalia viti. Kumbe anachagua mahali pake, huko nyuma kwenye mafiga. Amerudi anasema kuna kivuli kizuri. Nimejifungia chooni nikalia.

Jumatano, 13 Agosti
Siku mbaya. Mama alikwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, Baba yuko kazini. Boni akaja kunibembeleza. Akasema tujaribu mara moja tu, hapahapa uani, nione walzi ilivyo na heshima zake. Nikakubali. Mjinga mie. Akanishika, akawa anaimba mwenyewe kwa pua, na kwa mara ya kwanza sikumkanyaga. Tulizunguka vizuri. Nilifurahi, naandika ukweli.

Mkutano ulikuwa umeahirishwa. Mama alipitia bombani, akaingia kwa mlango wa nyuma na ndoo ya maji kichwani. Boni akageuka, wakawa uso kwa uso, mikono yake bado iko kiunoni kwangu. Ndoo ilianguka. Boni aliruka ua wa makuti na kuacha kipande cha suruali. Mama akaingia chumbani, akafunga mlango.

Alhamisi, 14 Agosti
Mama hajala tangu jana. Baba amemwita mshenga, yule mzee aliyeleta posa ya Boni. Amemwambia waziwazi: Boni alete doti ya kanga na kuku mweupe kumwomba Mama radhi, na Mama akivikataa hakuna harusi.

Nami nimemwandikia Boni barua, mistari mitatu. Kwamba Mama akikaa nje ya ukumbi, nitakaa nje pamoja naye, na yeye afungue dansi na msimamizi wake. Sijutii hata neno moja.

Jumamosi, 16 Agosti
Mshenga amekuja na kanga na kuku. Mama aliviangalia kwa muda mrefu. Kisha akamchukua kuku, akampeleka bandani mwenyewe. Baba akashusha pumzi. Mie pia. Mshenga alikuwa na neno jingine: Boni ameanza kujifunza chacha.

Alhamisi, 28 Agosti
Wiki mbili sasa, kila jioni. Dada yake amechoka. Mguu wa kushoto anaumudu, wa kulia unakwenda unakotaka. Kola yote imelowa jasho. Nimemwambia tunaweza kuacha kabisa mambo ya kufungua dansi, wafungue wengine. Amesema hapana, ameomba niweke santuri tena. Nampenda mtu huyu. Sijawahi kuandika hivyo nikiwa na uhakika kama leo.

Jumapili, 31 Agosti
Harusi jana. Kanisani salama. Ukumbini Mama alikaa ndani, safu ya nyuma, kanga imemfika puani. Bendi ikapiga chacha. Boni alikosea tangu hatua ya pili. Wenzake wa klabu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mwingine akapaza sauti, "Karani, umepoteza faili?" Nilidhani ataacha. Hakuacha. Alicheza mpaka wimbo ukaisha, uso mkavu, bila kunigusa hata kidole. Nilimwonea huruma.

Jumanne, 2 Septemba
Nimekwenda Temeke kuchukua cherehani yangu. Mama alikuwa peke yake. Amesema dansi aliifuata yote, ila macho yake yalikuwa chini, sakafuni. Akasema miguu yangu ilikwenda vizuri. Nikamwuliza, na ya Boni je? Akasema, "Yule sikumwona." Kwetu mkwe hasifiwi zaidi ya hapo. Akanimiminia chai.

Nimerudi Magomeni, nyumbani kwetu sasa. Boni hajaonana na wenzake wa klabu tangu Jumamosi, na wala hawataji. Nikamweleza alichosema Mama, neno kwa neno. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Kisha tukala.