Baba Fundi Mizani na Mashine Zake za Kunyolea

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuache asubuhi ile ya Jumanne, na bado hatujapumzika. Ulipokuwa ukimuuguza mama yako ulituambia kwamba uchovu wa kuuguza hautoki kwa usingizi. Sasa tunakuelewa.

Watu walikuita Fundi Mizani. Miaka thelathini na minne ulitengeneza mizani za wenye maduka. Muuza sukari aliyetaka umlegezee springi kidogo ulimrudishia mizani yake bila kuigusa. Hukumtangaza. Ulimwambia tu una kazi nyingi.

Ukitoka kazini ulikwenda kwa "wake wenza", kama Mama alivyowaita: mashine za kunyolea za zamani, zile za chuma ambazo wembe hubanwa kati ya vibati viwili. Za majina makubwa hukuzitaka. Ulitafuta za karakana ndogo zilizokwisha kufungwa, ambazo hata waliokuuzia hawakujua zilitoka wapi. Ulizisugua kwa mswaki na sabuni, ukazilaza kwenye droo. Mama alipouliza mtu mwenye kidevu kimoja anataka nini na mashine sitini na moja, ulimjibu kwamba zile maarufu zina watu wengi wa kuzikumbuka.

Kisha kitinda mimba wetu, katika kusafisha nyumba, aliona kutu tupu, akampa mnunuzi wa vyuma chakavu kopo zima la mashine kumi na nne ulizokuwa hujazisugua. Ulishinda siku tatu ukichakura rundo la vyuma, ukarudi na tisa kati ya kumi na nne. Hukumgombeza. Lakini miaka miwili mlikuwa mkisalimiana tu basi, na ukimya ule ulituchosha nyumba nzima.

Kiharusi kilipochukua mkono wako wa kulia, ulikataa kunyolewa. Kinyozi wa mtaani alikuja mara mbili, mara mbili akaondoka na mkoba wake. Tulipokezana zamu za kukulisha na kukugeuza, kila mtu akimwona mwenzake kakonda. Ndipo Jumapili moja ukamwita kitinda mimba, ukamwonyesha kwa mkono wa kushoto mashine fupi yenye mpini uliopinda, mojawapo ya zile tisa.

"Nitakukata, Baba," alisema.

"Kata. Kwani ngozi ya nani?"

Ukamfundisha asikandamize, uzito wa chuma unatosha. Alikukata mara mbili chini ya sikio. Alipomaliza ulipapasa shavu polepole, tukingoja.

"Hapa umeruka, mwanangu."

Akarudia pale pale, machozi yakimtiririka, nawe ukajifanya huoni. Siku mbili baadaye ulikwenda, uso wako safi.

Mwaka huu alikuja mnunuzi wa vitu vya kale, akazipekua mashine zako zote, akasema hazina jina, kwa hiyo hazina soko. Tulimpa chai, akaenda zake. Tuzifanyie nini, kwa kweli hatujui. Maelezo uliyoandika kuhusu kila moja, nusu yake hayasomeki. Kitinda mimba husugua moja kila Jumapili. Hana haraka, nasi hatumharakishi.

Wanaokukumbuka ni mkeo, ambaye hataki tena kuulizwa kama amechoka, wanao wanne na wakwe zako, wajukuu saba, dada yako mshonaji, na mafundi wenzako wa sokoni.

Hututoki moyoni, Baba, leo wala kesho.