Shimo la Zuhura Liitwalo Mboni

Berlin, 2 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Sikuandika "mpendwa", usilitafute. Mwili wangu ni mzima, na nyie natumaini ni wazima, ingawa sasa nikiambiwa "hatujambo" sijui niamini au nisiamini.

Bibi amezikwa. Nimeambiwa na Nasreen wa duka la vitambaa Mtaa wa Kongo, aliyedhani najua. "Pole Ritha, bibi amepumzika, watu walijaa." Nilikuwa ndiyo kwanza nashuka jukwaani. Nilikuwa nimewaonyesha maprofesa ramani yangu ya uso wa sayari ya Zuhura, wamenipigia makofi, nikafungua simu huku natabasamu kama mjinga.

Na mlimsubiri Mjomba Bakili atoke Masasi, maiti iko mochwari. Mjomba mliweza kumsubiri, mimi mkashindwa hata kunipigia? Ndege zipo, Mama! Bibi ndiye aliyenilea wakati wewe uko safarini na magunia yako ya korosho. Hesabu za shule nilizifanyia kwenye genge lake la Shimoni, chini ya soko, juu ya gunia lake la mbaazi. Mmemfukia bila mimi.

Nina hasira na nyie wote, lakini na wewe zaidi.

Mwanao,
Ritha


Ilala, 6 Juni 2024

Ritha,

Marahaba. Sisi tupo. Miguu imenivimba kwa kukaa mkekani, mdogo wako Shukuru na kichanga chake hawajambo.

Umemaliza kunifokea? Sasa nisikilize. Pasaka ulisema mwenyewe kwamba siku hiyo ya jukwaani ndiyo ya kutetea kazi yako ya miaka yote, na kwamba ukivuruga hapo basi tena. Nani angekupigia? Mimi? Nikuambie bibi amefariki halafu usimame mbele ya Wazungu unatetemeka? Kila mwenye mtoto ng'ambo anafanya hivyohivyo. Mtoto wa jirani yetu Badria aliambiwa msiba baada ya mwezi, akamshukuru mama yake. Wewe unanitukana. Na korosho usinitajie, maana ndizo zilizokusomesha.

Jambo jingine. Arobaini ni mwezi wa saba, na wazee wameafikiana jina la bibi yako apewe mtoto wa Shukuru. Akishapewa, mimi nitamwita mama, na wewe utamwita bibi na kumwamkia shikamoo hata kama nepi imejaa. Akikua atakaa mahali pa bibi kwenye misiba, harusi na ugomvi wa ukoo. Tunataka mtu aliyepo.

Kula vizuri. Kwenye picha ya mwisho ulikonda.

Mama yako


Berlin, 9 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Pole na miguu, ukilala iweke juu ya mto.

"Mtu aliyepo." Asante kwa hilo kofi. Nikiwa darasa la tatu bibi alisema mbele ya Mjomba Bakili kwamba jina lake ni langu. Mlisikia wote, mkacheka, mkasema sawa. Na wewe unajua mrithi wa jina ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini. Udongo wa kwanza ulikuwa wangu. Nani aliutupa? Sasa jina nalo mnampa mtoto asiye na jino hata moja, kwa sababu kosa langu ni kusoma mbali.

Basi jina limeshawatoka mikononi. Zuhura ni sayari ya mawe kama dunia yetu, ila mawingu yameifunika gubigubi, kwa hiyo uso wake tunausoma kwa rada. Joto la huko linayeyusha madini ya risasi. Vimondo vimeipiga vikaacha mashimo, na kwa utaratibu wetu mashimo madogo hupewa majina ya wanawake kutoka nchi mbalimbali. Kuna moja nimelichunguza tangu nifike hapa, halikuwa na jina. Jana nimelipendekezea jina kwa kamati inayopitisha majina ya sayari: Mboni. Kamati inachojua ni kwamba hilo ni jina la wanawake wa kusini mwa Tanzania. Mimi najua ni la nani, na najua nimelitoa kabla ya arobaini. Nimefanya makusudi.

Huko hakuna mvua wala mto wa kulifukia. Litadumu kuliko ukoo wetu wote.

Mwanao,
Ritha


Ilala, 10 Juni 2024

Ritha,

Sikuulizi hali. Mtu mzima wa akili hafanyi ulilofanya.

Umempa mama yangu shimo! Juzi tu tumemtia kaburini, udongo haujakauka, na wewe umemchimbia jingine kwenye moto. Nilimsomea Mjomba Bakili barua yako kwenye simu. Akasema jina likishatolewa limetolewa, halitolewi mara mbili. Kwa hiyo mtoto wa Shukuru hana jina, na mimi sina mama. Unanielewa? Nilitaka kumwita mtu mama tena. Kwenye mkeka huu ndicho nilichokuwa nakisubiri, na wewe umeninyang'anya ukalipatia jiwe.

Iandikie hiyo kamati leo, waambie umekosea. Kabla ya hapo usiniamkie.

Mama yako


Berlin, 7 Julai 2024

Mama,

Shikamoo, hata kama umeikataza. Simu zangu hupokei. Nasreen ananiambia uko dukani, unauza, unacheka na wateja.

Leo ni arobaini. Kamati sijaiandikia na sitaiandikia. Nyie mkisikia shimo mnaona tusi. Mimi naiona Shimoni kabla soko halijaungua: ngazi za kushukia, taa zinawaka mchana, bibi na mizani yake akimfokea Zahoro mchukuzi asimburuzie gunia. Siku moja nilimuuliza chini ya sakafu kuna nini. Akasema mawe. Na chini ya mawe? "Mawe mengine, niache niuze." Nikaona jibu halijatosha, na mpaka leo natafuta. Kazi yangu ilianzia hapo, Mama, siyo Ujerumani. Nimempeleka mahali ninapopafahamu, kwa sababu kule mlikompeleka nyie hamkuniruhusu hata kushika udongo.

Nijibu, hata kwa matusi.

Mwanao,
Ritha


Berlin, 21 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Kamati imekubali. Nimekuambatishia picha: lile duara lenye kingo nyeupe katikati ndilo Mboni. Nilidhani nitafurahi, lakini nimekaa nalia tu, na hasira bado ninayo. Uko wapi?

Mwanao,
Ritha


Ilala, 15 Septemba 2024

Ritha,

Marahaba ya barua zote ulizonirundikia. Miguu imepona. Hasira haijapona.

Picha nimeisafisha kwenye studio ya Mtaa wa Msimbazi. Yule fundi alidhani ni ile picha ya hospitali ya mtoto aliye tumboni, akanipa hongera. Nikamwambia huyo ni mama yangu. Alinihudumia harakaharaka nitoke. Nimeitundika dukani juu ya magunia, na wateja wakiuliza nawaambia ni ujeuri wa mwanangu.

Sasa arobaini. Mjomba Bakili alitaka kupitisha jina jingine, mimi nikasimama. Nikawauliza: jiwe litaitika likiitwa? Nikifiwa litakuja kukaa nami mkekani? Kisha nikamgeukia mtoto wa Shukuru, nikamwita, "Mama!" Akaangua kilio. Nikasema mmesikia, ameitika. Wazee wakacheka, wakapitisha. Kwa hiyo Mboni tunaye hapa, ana jino moja na anauma. Shimo lako nalo libaki na lake. Hukuniibia kitu.

Unajiuliza mbona sikukuambia siku ileile. Makusudi, kama wewe. Nilitaka na wewe uonje kuachwa hujui kinachoendelea nyumbani kwenu. Nasreen nilimfunga mdomo.

Kuhusu mazishi sitakuomba radhi. Ningekuwa na moyo ule ule wa siku ile, ningefanya vilevile. Udongo wa kwanza aliutupa Mjomba Bakili, na aliutupa kidogo tu, maana na yeye alikumbuka bibi alisema ni wako.

Lakini siku ya arobaini nilisema jambo jingine mbele yao, na Nasreen nilimwita makusudi awe shahidi. Jina langu nimeshalitoa ningali hai. Ni lako. Siyo la jiwe, usithubutu! Kwa hiyo hawana ruhusa ya kunifukia mpaka ufike ushike udongo. Hata wiki nzima nitalala mochwari, na atakayelalamika gharama alalamike. Nimemwambia Shukuru akupigie kabla hajampigia mchungaji. Kama utakuwa jukwaani, shuka, hata sentensi usiimalizie. Ukishanizika, Shukuru ataanza kukuita mama, na wewe utakaa mahali pangu mkekani ujue miguu inavyovimba.

Bibi yako lile neno la jina alilisema huku anacheka, ndiyo maana tukalipuuza. Mimi nililisema nimesimama, na hakuna aliyecheka.

Krismasi njoo umwamkie bibi yako.

Mama yako,
Evelyn